Niliangalia Chini, Wakaandika Sijitambui

Naitwa Robhi. Darasa la nne sikulimaliza, kwa hiyo mnisamehe mwandiko. Haya nimeyaandika kwa wiki nyingi, mkono wa kushoto umeushika wa kulia ili utulie. Nitataja watu kwa majina. Walionitendea haya hawakuficha sura zao, sioni kwa nini mimi niwafichie majina.

Kabla sijaugua nilikuwa mwanamke wa kazi. Niliolewa na mama mmoja mzee, mjane, Mama Wankuru, kwa nyumba ntobhu. Sisi Wakurya tunajua: mama asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mke, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Watu wa mbali wanacheka. Wacheke. Yule mama hakuwahi kunipiga hata kofi, na wangapi walioolewa na wanaume wanaweza kusema hivyo? Nilimzalia mabinti wawili, sasa wameolewa upande wa Kenya. Mtoto wa kiume hakuja. Mama Wankuru alipokaribia kufa aliniambia, "Boma hili ni lako, Robhi. Usitoke." Tulimzika karibu na jiko letu, kule Gorong'a.

Halafu dhahabu ikaonekana. Watu walikuja na sululu, mashamba ya mihogo yakageuka maduara, yaani mashimo ya kuchimbia. Na mimi nikaacha jembe, nikaenda kuosha mawe yaliyosagwa. Zebaki alituletea Chacha, muuzaji, kwenye kizibo cha soda. Huyo ndiye wa kwanza kumtaja. Unaichanganya na mchanga kwa mikono mitupu ndani ya karai, inaishika dhahabu, unakamua kwa kitambaa, unachoma. Chacha alisema tuchomee ndani, kwa sababu nje kuna macho ya watu. Nikamuuliza, "Huu moshi hauna madhara?"

Akacheka. "Mama, madhara ni njaa."

Yeye mwenyewe alikuwa anasimama nje ya mlango mpaka moshi uishe. Nilimwona kila siku na sikujiuliza. Nilichomea kwenye jiko la mkaa, lile lile la kupikia ugali, miaka minne.

Ilianza mdomoni. Kila kitu kilikuwa na ladha ya msumari. Fizi zikavimba, zikatoa damu. Meno matatu yalinitoka nikitafuna muhogo wa kuchemsha, wala sio mfupa. Mate yakawa yananidondoka yenyewe kama mtoto anayeota meno. Mikono ikatetemeka, chai inamwagika kabla haijafika mdomoni. Usingizi ukapotea. Hasira zikaja, jirani yangu nilimmwagia maji machafu kwa kosa la kunisalimia. Nikasahau majina ya wajukuu. Wengine walisema nimerogwa, wengine walisema ni gongo. Gongo sijawahi kuonja.

Ndipo akaja Marwa. Huyu ni mtoto wa ndugu wa marehemu mume wa Mama Wankuru. Alikuwa haji kutusalimia hata Krismasi. Sasa wachimbaji walikuwa wamefika kwenye uzio wangu na mwamba wa dhahabu unaelekea jikoni, akakumbuka undugu.

Alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii, akasema kuna mama amechanganyikiwa, atajiunguza. Kikao kikaitishwa uwanjani kwangu. Walikuja wazee wa ukoo na afisa ustawi, Bwana Kapinga, mtu wa kusini. Marwa akazungumza kwa niaba yangu. Alizungumza vizuri mpaka akatoa kitambaa akajifuta macho. Kisha Bwana Kapinga akanigeukia. "Mama, una la kusema?"

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo nililifundishwa nyumbani. Kwetu mwanamke hajibu moja kwa moja mbele ya wazee wa ukoo. Anaangalia chini, anangoja mzee mmoja amwambie, "Sema, mama." Nikaangalia chini. Nikangoja. Mate yakadondokea kitenge. Hakuna mzee aliyefungua mdomo, na desturi waliijua kuliko mimi. Bwana Kapinga hakuijua, lakini pia hakuuliza. Aliandika. Baadaye nilisomewa alichoandika: Hajitambui. Msemaji wake ni Marwa.

Nikapelekwa kwenye makao ya wasiojiweza upande wa Serengeti. Kitanda kilikuwepo, uji ulikuwepo, mlango ulifungwa kwa nje. Hawakunipiga, niseme ukweli. Ila kila nilichoomba alipigiwa simu Marwa. Nikisema nataka hospitali, msimamizi anajibu, "Msemaji wako hajasema." Kitanda cha pili alilala bibi Nyangi, amepooza upande mmoja, aliletwa na wanawe mwenyewe. Alikuwa ananiambia, "Acha kelele, Robhi. Hapa wanasikilizwa wale wanaokuja na kuondoka na gari."

Mwaka ukapita. Niliomba kufa. Mungu naye akanyamaza kama wale wazee.

Siku moja akaja mama muuza dagaa kutoka Turwa, anaitwa Wankyo. Yeye na wenzake wawili walikuwa wanawatembelea watu waliowekwa mahali bila kuulizwa. Hakutumwa na ukoo, wala ofisi, wala wenye maduara. Akakaa kwenye ndoo. "Dada, wewe unataka nini?"

Nikamwambia, "Nataka uondoke."

Akasema, "Sawa," akaondoka kweli. Kwa mwaka mzima hakuna mtu aliyekuwa amefanya nilichotaka. Kwa hiyo aliporudi, nilizungumza.

Alikuwa anaandika kwenye daftari, halafu ananisomea. "Nimekosea wapi?" Nikimwonyesha, anafuta. Nilisema nataka kupimwa, kisha nataka kurudi kwangu. Siku nyingine nikamuuliza, "Wewe unaonaje, nirudi?" Akajibu, "Ninavyoona mimi viache. Walioona kwa niaba yako ni wengi tayari."

Kwa barua alizoiandikia ofisi ya ustawi nikapelekwa hospitali, mkojo wangu ukasafirishwa kwenda kupimwa. Daktari aliniita akafunga mlango. "Mama, huna wazimu. Una zebaki mwilini. Ulikuwa unachoma dhahabu?"

Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. "Nitapona?"

"Ukikaa mbali nayo, akili itatulia. Mikono itapungua kutetemeka. Kuacha kabisa, sidhani."

Na ndivyo ilivyo.

Kikao cha pili kilifanyika makaoni. Marwa alikuja na viatu vipya. Wankyo akakaa karibu yangu. Marwa akafoka, "Huyu mama wa dagaa ni nani? Anazungumza kwa ukoo gani?"

Wankyo akasema, "Mura, kijana, mimi sizungumzi. Atazungumza mwenyewe. Akichelewa, tutamsubiri."

Wakasubiri. Mdomo ulinitetemeka, mate yakatoka, Marwa akaguna, Wankyo hakunifuta wala hakunisaidia neno. Nikainua uso, nikamwangalia Bwana Kapinga machoni. Nikasema, "Nataka kwenda nyumbani kwangu." Maneno manne tu. Bwana Kapinga akayaandika, na nikaruhusiwa.

Nyumbani hapakuwepo. Jiko langu lilikuwa duara. Kaburi la Mama Wankuru lilikuwa limeteremka shimoni lote. Nilimuuliza Marwa, "Mifupa yake iko wapi?"

Akasema, "Kaiulize karasha." Karasha ndiyo mashine ya kusagia mawe.

Nilipokuwa nimefungiwa, yeye aliweka saini kama msemaji wangu, boma likapewa wachimbaji. Nimelalamika kila mlango, naambiwa karatasi zake ziko sawa. Wazee wa ukoo wanasema mbona sikusema siku ile. Chacha bado anauza. Wankyo naye miguu imemshinda, amehamia kwa wanawe Sirari, na wenzake wametawanyika.

Sasa nimepanga chumba Nyamisangura, nauza ndizi. Kikombe nakishika kwa mikono miwili. Namshukuru Mungu kwa akili aliyonirudishia, ingawa ndiyo inayonikumbusha. Namshukuru Wankyo. Ninyi mnaochoma dhahabu, mkimwona anayewauzia zebaki anasimama nje ya mlango, tokeni mkasimame naye. Na wewe mgonjwa, ukiulizwa una la kusema, usingoje ruhusa ya mtu. Mdomo ukikushinda, tafuta mtu asiyepata kitu kwako, akae karibu.

Bibi Nyangi nilikwenda kumsalimia. Nikamuuliza swali la Wankyo: wewe unataka nini? Nikasubiri. Akasema, "Nataka kufia kwangu." Nikaandika kwa mkono huu huu, nikampelekea Bwana Kapinga.

Akaigeuza karatasi huku na huku. "Mama, huu mwandiko hausomeki."

Nikamsomea kwa sauti, nimesimama, namwangalia usoni. Akasema, "Iache mezani."

Wiki iliyofuata niliikuta palepale, chini ya kikombe chake cha chai. Nikaitoa, nikamsomea tena. Mara ya tano nilipokwenda, bibi Nyangi alikuwa ameshazikwa nyuma ya makao. Bwana Kapinga akaniambia, "Mama, huyo si amefariki?"

Nikaichukua karatasi, nikamsomea hata hivyo.