Nilivyokinusa Kikapu cha Mama Furaha

Wakati wa lockdown ya korona nilijifundisha kupitia video kutambua kikapu kimetoka wapi, hasa kwa harufu ya majani yake. Tulipofunguliwa, nikaenda mtaa wa Toongabbie kujitambulisha kwa Mama Furaha, mama wa mchumba wangu, anayefanya kazi katika hospitali ya Westmead. Nilitaka sana anikubali. Nikaona kikapu jikoni, nikashusha barakoa, nikaingiza pua ndani.

“Hakina harufu hata kidogo,” nikamweleza. “Hiki ni cha mapambo, Mama. Kimetoka Rwanda, na hakijawahi kutumika.”

Mama Furaha akasogeza kiti chake nyuma taratibu.

“Papa, mwanangu, humo ndimo ninamotunza dagaa. Jana jirani aligonga kulalamikia harufu. Vaa barakoa yako. Na mlango usiuguse, nitakufungulia mimi.”