Kiwiko cha Mama Mkwe

Wauguzi walimwita Vuta Pumzi, kwa kuwa kutwa nzima chumbani mwake mwa eksirei kauli ilikuwa hiyo moja: vuta pumzi, ishike, achia. Hata mkewe akigomba nyumbani humwambia hivyo hivyo, na hujibiwa ipasavyo. Lakini kazini hana msalie mtume. Mtoto alie, mlevi atukane, mkono utanyooshwa tu. Kigasha kikivunjika, yaani mkono chini ya kiwiko, picha lazima ionyeshe kifundo cha mkono na kiwiko, vyote viwili, maana kina mifupa miwili, na mmoja ukivunjika mwenzake huweza kuchomoka kwenye kiungo, na asiyetazama hajui.

Haya. Siku moja akaletewa mama mkwe wake, kateleza bafuni.

Ungemwona! Simba wa eksirei kanywea kama paka aliyelowa. Amshike mama aliyemzalia mke, amgeuzegeuze mkono? Alijaribu mara moja, mama akaguna kwa uchungu, naye akarudisha mikono haraka. Akapiga picha ya kifundo hadi katikati ya kigasha, basi. Daktari, aliyekuwa na foleni hadi mlangoni, akaona mfupa wa upande wa kidole kidogo umevunjika, akamwuliza Vuta Pumzi kama kiwiko ni kizima. Akajibu ni kizima. Uongo mtupu, tena mchana kweupe.

Mama akafungwa plasta. Kila aliyekuja kumpa pole alisimuliwa habari za mkwe mwenye mikono laini, mkwe katika wakwe. Vuta Pumzi akiyasikia hayo, anatoka nje akidai ana kazi.

Plasta ilipotolewa, mkono ukagoma kukunjika. Mama alikuwa fundi cherehani, na sasa hata kijiko hakifiki mdomoni. Mkewe Vuta Pumzi akasema ni uzee. Yeye alijua si uzee, na hatia ikamtafuna hata usingizi ukamhama. Akamrudisha mama kwenye chumba cha eksirei, na safari hii akakishika kiwiko barabara huku mama analia. Picha ikatoka: mfupa wa upande wa dole gumba uko nje ya kiungo chake.

Daktari akasema wangelijua mapema wangeunyoosha ule uliovunjika, na mwenzake angerudi mahali pake. Sasa ni upasuaji mkubwa, na hakuthubutu kuahidi kuwa mama atashika tena mkasi.

Vuta Pumzi akamfuata mama kwenye benchi la nje, alikokuwa amekaa na bintiye.

"Mama, siku ile kiwiko sikukipiga picha. Niliogopa kukuumiza. Halafu nikamwambia daktari ni kizima."

Mama alikuwa akihangaika kufunga mtandio kwa mkono mmoja. Vuta Pumzi akanyoosha mkono amsaidie, mama akausogeza mkono huo kando.

"Wagonjwa wengine huwa unawashika?"

"Nawashika, mama."

"Basi siku ile ungenihesabu mgonjwa tu, mwanangu."

Kisha akamgeukia bintiye, akamwomba amfunge mtandio.