Kijiti cha Kupimia Samadi

Shangazi yangu ana kijiti anachokitunza kuliko miwani yake. Kila asubuhi hukichomeka katikati ya lundo la samadi nyuma ya banda la ng'ombe, hukiacha kidogo, kisha hukichomoa na kukishika kiganjani. Kikiwa cha moto husema, "Bado inaiva," akalifunika lundo kwa majani makavu na kwenda zake.

Zamani hakuwa na kijiti wala subira. Alirudi nyumbani kwetu baada ya kufiwa na mumewe, akakuta shamba la nyuma limechoka, udongo mgumu, mahindi ya manjano yanayoishia kiunoni. Baba, ambaye ni kaka yake, alikwisha kupatana na mfyatua matofali aje alichimbe lote.

"Nipe msimu mmoja tu, kaka," Shangazi akamwambia. "Nikishindwa, mlete huyo fundi wako."

Alikuwa na ng'ombe wetu wawili na haraka ya watu kumi. Alizoa samadi mbichi, ingali inafuka mvuke, akaijaza kwenye mashimo na kupanda mahindi papo hapo. Miche ilichomoza, ikaungua. Iliyosalia ilizidiwa na magugu, maana mbegu za magugu zilipita tumboni mwa ng'ombe zikatoka salama salimini.

"Dada, umepanda mahindi au umeyapika?" Baba akauliza.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Hadi leo naona aibu, kwa sababu nilimwona Shangazi akiinama kana kwamba anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili.

Lakini mbishi ni mbishi. Mvua zilikuwa hazijaisha, kwa hiyo alichimba chini kabisa ya lundo, kwenye samadi ya mwaka uliopita, nyeusi, laini, isiyonuka hata kidogo. Safari hii aliipima joto kwanza kwa kijiti, akaichanganya na udongo shamba zima, akapanda maharage. Yakatoka ya kijani kibichi hasa. Kwa kuwa yalichelewa kupandwa, tulivuna vikapu vitatu tu.

"Vikapu vitatu si shamba," Baba akasema. "Msimu ni msimu." Kesho yake akamleta mfyatua matofali. Shangazi alisimama mlangoni, mikono kifuani, na mimi sikuwa na hamu ya kucheka tena.

Fundi alipiga jembe, akainua bonge la udongo, akalilowesha na kulifinyanga. Likamegeka. Nyungunyungu akaanguka juu ya kiatu chake.

"Mzee, huu haufai," akasema. "Umejaa samadi. Tofali lake litapasuka tanuruni."

"Si wewe uliyeusifu mwaka jana?"

"Mwaka jana ulikuwa umekufa, mzee. Sasa uko hai."

Baba alikohoa, akaangalia mawingu. Shangazi aliingia ndani akatoka na majembe mawili, moja akampa kaka yake.