Diski ya Pili na Majina ya Korbesa

Jumatatu, tarehe 2 Machi 1981. Upepo wa vumbi tangu alfajiri, wingu hakuna. Hayo tu ndiyo niliyoandika daftarini mwangu siku niliyoanza kazi ya utarishi katika ofisi ya chakula cha msaada hapa Isiolo. Masomo yangu yaliishia darasa la saba, na nilidhani watanirudisha nyumbani kabla ya adhuhuri.

Hawakunirudisha. Mkubwa wangu wa kwanza, Msimamizi wa Stoo, alikuwa mkali, lakini hakuwahi kuniita mjinga mbele ya watu. Alinipeleka Kulamawe kupokea magunia. Baadaye Karani Mkuu akanirudisha mjini akanifunza kupiga taipu. Kompyuta ilipoletwa, yeye aliogopa itamharibia macho, basi nikakabidhiwa mimi. Si kwamba nilijua kitu. Meza yangu ndiyo iliyokuwa karibu nayo.

Ninyi vijana mnabeba mambo mengi mfukoni, ndani ya simu. Yetu yote yalikaa ndani ya diski ngumu, chombo cha chuma kizito kama tofali, kinachozunguka na kuvuma kama nyuki. Humo mlikuwa na majina ya kila familia iliyopaswa kupata chakula, mpaka vijiji vya mbali kama Korbesa. Nakala tulizoweka kwenye diski laini, zile nyembamba za kuchomeka, ziliharibiwa na joto na vumbi. Mwaka wa 1988, wakati wa ukame, diski ngumu ikajaa. Mashine ikakataa hata kutoa orodha kwenye karatasi, na bila orodha lori haliruhusiwi kuondoka.

Bwana Mratibu, mkubwa wa ofisi wakati huo, aliagiza diski ya pili kutoka Nairobi. Fundi alikuwa aje nayo, akashikwa na malaria. Diski ikaja na dereva wetu Salat, ameipakata kwenye blanketi kama mtoto. Fundi akasema atanielekeza kwa redio ya mawasiliano ya ofisi, mimi niifunge. Usiku huo sikulala vizuri.

Asubuhi nilifungua skrubu za kasha la kompyuta. Ndani kuna waya bapa, mpana kama mkanda, wenye soketi mbili za diski, moja katikati na moja mwishoni. Ya zamani ilikuwa mwishoni. Kwetu mgeni hukaribishwa ndani kabisa, mbali na mlango, na mwenyeji husogea. Ndivyo nilivyofanya bila kufikiri. Nikaisogeza ya zamani katikati, mgeni nikampa mwisho, penye nafasi na hewa. Fundi hakuwa amesema lolote kuhusu soketi. Simlaumu, nami sikuuliza.

Redio ikakoroma. "Washa kwa diski laini," fundi alisema. "Halafu fomati D. D ndiyo mpya. Ova."

Mashine huziita diski kwa herufi, ya kwanza C na ya pili D, na kufomati ni kuitayarisha diski ikubali kuandikwa. Lakini kama kulikuwa na kitu ndani, kimekwenda. Nikaandika amri. Mashine ikauliza: vyote vilivyo kwenye D vitapotea, niendelee?

Nje lori lilikuwa limepakiwa. Salat aliegemea dirisha, akaniita kwa Kisomali chake. "Warya, Guyo, watu wa Korbesa wale leo au wangoje umalize kuisomea dua?"

"Bonyeza," Bwana Mratibu akasema nyuma yangu. "Fundi amesema D."

Kidole kilikuwa juu ya kibodi. Nikabonyeza hapana.

"Naomba nichungulie kwanza, Bwana Mratibu."

"Unachungulia nini kwenye kitu kitupu?"

Hata mama hakuwahi kusuuza kibuyu cha maziwa bila kutazama ndani, lakini hilo si jambo la kumwambia mkubwa. Nikaiambia mashine ionyeshe yaliyomo D. Orodha zetu za zamani zikashuka kwenye kioo: Kulamawe, Merti, Korbesa.

Bwana Mratibu aliketi juu ya boksi. Hakunigombeza. Alichukua redio mwenyewe, akaeleza. Fundi akauliza, "Mpya iko soketi gani? Ova."

"Ya mwisho," nikajibu nikiinamia redio.

"Ya mwisho ndiyo mashine huiita C. Ya katikati ndiyo D. Zima. Badilisha, polepole. Ova."

Nilibadilisha, nikiogopa sasa nitavunja pini. Nilipowasha, ya zamani ilivuma. Ile mpya tukaifomati, tukahamishia humo sehemu ya majina, orodha ikatoka, Salat akaondoka baada ya sala ya adhuhuri. Fundi alisema alipaswa kuuliza soketi mapema. Nikamwambia na mimi pia.

Nilifanya kazi na wakubwa wengine wawili mpaka nikastaafu. Wenzangu husema niliokoa watu siku ile. Sijui. Mwenye kuweka diski mahali pasipofaa ni mimi, na Bwana Mratibu angekaza sauti mara moja zaidi, huenda ningebonyeza. Kwa hiyo ushauri wangu kwenu ni mdogo: mkiogopa, semeni mnaogopa, na mkiwa wakubwa, mwacheni mtu achungulie.

Jioni ile nyumbani, mtaa wa Kiwanjani, mke wangu aliniuliza mbona sili. Nikamwambia nafikiria lori. "Lori lina dereva," akasema, akanisogezea sahani. Ilikuwa githeri, mahindi na maharagwe, bila nyama. Nikala nikaongezwa.