Nilienda kupunguza tumbo kwa mashine ya joto, nikarudi bila shanga

Wakuu, habari za jioni. Hii si chai ya kutunga, ni yangu mwenyewe, na nimechoka kuibeba peke yangu.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa na Mganda, tunaishi kwao Uganda, mtaa wa Makindye. Nina duka la nguo Kabalagala.

Baada ya mtoto wa tatu tumbo liligoma kurudi, na mume akaacha kuniangalia. Hagombani, hatukani. Anakula, anashukuru, macho kwenye simu. Inachosha kuliko matusi.

Nikasikia kuna kliniki Nakawa wanapunguza mafuta kwa radiofrequency. Hakuna kisu wala sindano, wanapitisha mashine juu ya ngozi, joto linashuka kwenye mafuta.

Sikumwambia mume. Nilitaka ashtuke mwenyewe.

Nimelala kitandani pale kliniki, dada wa mashine akafunua nguo, akaona shanga zangu za kiunoni.

"Hii iko na chuma ndani, itachoma wewe. Toa."

Wanawake mnajua, zile si bangili. Bibi alinifungia siku ya harusi, kwa mwili wa wakati ule. Hazipiti nyonga wala kifua.

Akaleta mkasi. Nikafumba macho.

(Kwa wanaotaka kujua: haiumi, ni kama chupa ya maji moto. Na baada ya sesheni kadhaa tumbo lilipungua. Kidogo. Msidanganywe na picha za mitandaoni.)

Mume hakuona tumbo.

Asubuhi moja navaa, akaweka simu chini. Nikasema moyoni, haya, leo ameona.

"Shanga yako iko wapi? Nani alikata?"

Nikaeleza kliniki, mashine, chuma. Akacheka vibaya. "Mashine gani inafungua shanga ya mke ya mtu?"

Kwao kama kwetu, ukishaolewa mkono wa kugusa shanga ni wa mume tu.

Nikampeleka Nakawa, yule dada akamweleza mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa.

Sasa ananiangalia kila siku. Nikitoka, nikirudi, nikipokea simu. Nilitaka macho yake, nimeyapata.

Somo langu: mashine ni mashine, lakini mwambie wa nyumbani kabla hujapanda kile kitanda.

Shanga nimezitunga upya kwa uzi mtupu bila chuma, kwa mwili huu huu nilionao. Ziko kwenye droo. Wa kunifunga ni yeye, na sijathubutu kumwomba.

Nyie mngeanzaje?