Kicheko cha Phébé

Manassé Kapenda alikuwa na picha nyingi katika makasha yake, lakini ukutani alitundika tatu tu. Mtu aliyeingia studioni kwake, pale cité ya Kamina, mtaa wa Waafrika, kando ya barabara iendayo stesheni, alikutana na hizo tatu kabla hajamwona mwenyewe. Na kama mgeni hakuwa na haraka, Manassé alimweleza moja baada ya nyingine kwa maneno yale yale, kama anayesoma somo la Jumapili.

Ya kwanza ilikuwa ya Mama Kisimba, mjane wa Kabondo-Dianda, aliyekuja kupigwa picha na cherehani yake. Watoto aliwaacha nyumbani. Alisema watoto watakua na kubadilika sura, cherehani haibadiliki. Katika picha amesimama, mkono mmoja juu ya gurudumu, macho ameyakaza. "Anatazama maisha yake ya kesho," Manassé alizoea kusema.

Ya pili ilikuwa ya Mbuyu, mfanyakazi wa reli, amempakata mtoto wake mchanga. Mwanamume kushika kitoto namna ile mbele ya kamera lilikuwa jambo la kuchekwa, na Mbuyu alikuwa na mikono mizito ya kubeba mataruma. Lakini macho yake yalikuwa laini mno hata watu walishusha sauti walipoiangalia.

Ya tatu ilikuwa ya Phébé.

Manassé alikuwa na desturi yake ya kazi. Aliona kwamba mtu akiambiwa atazame kioo cha kamera, anakakamaa kama anayengoja sindano. Kwa hiyo yeye alisimama kando ya kamera, kipira cha kufyatulia kamera mkononi, akasema, "Tazama sikio yangu." Watu walishangaa kidogo, uso ukalegea, naye akabana. Wapiga picha wengine wa mjini walimcheka, lakini nyuso za watu wake zilikuwa hai, na za kwao zilikuwa kama za waliofiwa.

Phébé alikuja mwaka wa 1946, binti wa mwalimu wa Kimetodisti, ameletwa na baba yake. Siku zile wasichana walipigwa picha midomo imefungwa. Yeye alicheka. Kichwa kimeinama upande kidogo, meno yanaonekana, na jicho moja limekaribia kufumba. Manassé aliposafisha picha ile, uso ukijitokeza polepole kwenye karatasi ndani ya dawa, alijisikia joto kifuani. Nimepewa, alijiambia. Kicheko hiki nimepewa mimi. Kabla mvua za mwaka ule hazijakatika alikwisha kutuma wajomba zake kwa mwalimu kuposa. Walioana, wakamzaa Élisa na wadogo zake, na picha ikabaki ukutani.

Miaka tisa baadaye Gaston Kitwa alirudi Kamina. Alikuwa karani wa reli, Mkatoliki mwenye maneno mengi, aliyekuwa amehamishiwa Bukama. Sasa alirudishwa, na kazini walimtaka picha mpya.

"Bonjour, Mumetodisti," alisema akivua kofia mlangoni. "Ungali hai?"

"Niko, ndugu Gaston. Ikala."

Gaston hakukaa. Alikuwa anatazama ukuta, akaanza kutabasamu.

"Ile siku njo hii," alisema. "Huyu Phébé, minyi njo nilimuchekeshaka."

"Weye?"

"Minyi," Gaston alijigonga kifuani. "Ulikuwa unasema tu, tazama sikio yangu, tazama sikio yangu. Nami niko kwa benchi nyuma yako, nangoja zamu yangu. Nikakamata masikio yangu yote mbili, nikavuta hivi." Akayavuta, akatoa na meno ya mbele. "Kama punda. Mutoto wa bantu akashindwa, akacheka. Baba yake alinitazama, nikazania ananipiga palepale."

Manassé naye alicheka, asije akaonekana amebaki peke yake. Kisha akampiga Gaston picha. Alibana kipira kabla Gaston hajafunga mdomo, ikabidi warudie.

Alipobaki peke yake alilitazama lile benchi. Lilikuwa nyuma ya kamera tangu studio ifunguliwe. Hapa Kamina mtu haji kupigwa picha peke yake. Ndugu wanamsindikiza, wanakaa nyuma, wanakohoa, wananyonyesha, na Manassé anawaambia wanyamaze bila kugeuka. Macho yake yako kwa anayepigwa. Hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba nyuma ya sikio lake kulikuwa na watu.

Akaenda kwenye picha ya Mbuyu na mtoto. Sasa alikumbuka kwamba siku ile mke wa Mbuyu alikuwepo, ametoka kujifungua maternité juzi yake, amekaa benchini akiegemea ukuta; macho yale laini yalikuwa yakimwendea yeye. Akaenda kwenye ile ya Mama Kisimba. Cherehani ile ililetwa na shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, kichwani kutoka stesheni, na yule shemeji alikaa benchini amekunja mikono. Baada ya picha aliinuka akaenda zake, na mjane akabeba cherehani mwenyewe. Kesho gani? Alikuwa anamtazama shemeji, anamwambia kwa macho kwamba hii hutairithi.

Yote mawili angeyavumilia. Mbuyu na ampende mke wake, mjane na amshinde shemeji yake. Lakini kicheko cha Phébé alikuwa amejengea nyumba juu yake.

"Gaston amerudi," alisema jioni moja, akimega tonge la bukari.

"Nilimuona soko," Phébé alijibu. "Amenona."

"Hukuniambia."

"Nikuambie mutu amenona?"

Manassé akalitafuna neno hilo usiku na mchana. Alimwona wapi pale sokoni, kwenye samaki au kwenye mihogo? Walisalimiana kwa mkono? Na kwa nini aliona kwamba amenona? Huoni unene wa mtu usipomtazama vizuri. Jumapili kanisani Phébé alipocheka na wanawake wenzake baada ya ibada, Manassé alisimama mbali akipima kicheko chake: ni kidogo kuliko cha pichani, au ni sawa? Alianza kuona kwamba kwake hacheki vile. Alijaribu kukumbuka mara moja, moja tu, alipomchekesha yeye mwenyewe hadi jicho likafumba. Akakumbuka siku alipoteleza na beseni la dawa, lakini siku hiyo alicheka hata Élisa.

Jumamosi, wateja walipokwisha, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alilikokota benchi akalitoa nje. Kisha akafunga mlango, akamwita mke wake.

"Benchi iko wapi?" Phébé aliuliza.

"Iko inje."

"Ju ya nini?"

"Ikala tu, Mama Élisa. Nataka foto yako ingine."

Phébé alifuta mikono kwenye kitenge, akakaa. Manassé akaingia chini ya kitambaa cheusi cha kamera, akarekebisha, akatoka, akaingiza kioo cha kunasia picha, akashika kipira.

"Tazama sikio yangu."

Akatazama.

"Cheka kidogo."

"Nicheke nini?"

"Cheka kama ile siku."

Phébé alijaribu. Midomo ilivutika, ikarudi. "Baba Élisa, niko na sombe kwa moto. Uko na nini weye wiki hii?"

Hapo likamtoka. "Ile siku ulikuwa unamuchekea Gaston."

Phébé alikunja uso kama mtu anayetafuta kitu kidogo ndani ya sanduku kubwa. "Ah. Alivuta masikio."

"Njo kusema ni kweli."

"Ni kweli. Mutu akivuta masikio, bantu banacheka. Weye mwenyewe ungegeuka ungecheka."

"Nilikuoa ju ya kile kicheko."

"Sasa njo unaniambia minyi?" Sauti yake ilishuka, na ilipokuwa chini ndipo ilipokuwa nzito. "Miaka yote ile kabinti iko pale kwa ukuta. Kila mugeni anaingia, unamuonyesha yeye. Tazama jicho, tazama meno. Minyi napita hapa na maji ya kusafishia foto zako, hakuna mugeni ulimuambia huyu njo bibi yangu. Mama mumoja wa Malemba-Nkulu aliniuliza, huyu mubinti wa bwana wako alikufaka? Nikamujibu, ndiyo mama, alikufa. Akanipa pole. Nami nikapokea ile pole."

Manassé aliigeukia picha ya kicheko ukutani.

"Unazania weye peke yako njo uko na wivu," Phébé alisema. "Hata Gaston unamuonea bure. Minyi yule mubinti ningemupata ningemupiga."

Akafunga mdomo. Hakutazama sikio lolote. Alimtazama mume wake katika macho yote mawili, bila kupepesa, na akangoja. Manassé alikuwa bado ameshika kipira. Akabana.

"Umenipiga hivi hivi?"

"Nimekupiga."

"Mubaya weye," Phébé alisema, akaenda jikoni kwenye sufuria yake ya sombe.

Picha aliisafisha siku hiyo hiyo. Uso ulipojitokeza, zilikuja nyusi kwanza, kisha mdomo uliofungwa, kisha macho. Hakukuwa na urembo wa kujisifia mbele ya wageni. Kulikuwa na mwanamke aliyechoka, na kitenge kimeloa maji ya jikoni, na hasira iliyosimama wima. Manassé aliitafuta kasoro kwa lensi ya mkononi, kama alivyozoea, mara hii si ya taa wala ya dawa. Macho yale yalikuwa yakienda wapi? Nyuma ya Manassé kulikuwa na ukuta mtupu na mlango uliofungwa. Benchi lilikuwa nje, kuku wamelala chini yake. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuyapokea.

Picha ya kicheko akaitoa ukutani. Alitaka kuipasua, akaishika kwa nia hiyo, mkono ukakataa. Akaiweka kashani kifudifudi, akatundika ile mpya kwenye msumari ule ule.

Gaston alipofuata picha zake aliona mara moja.

"Ile ya kicheko iko wapi? Nilitaka kukuomba moja, nionyeshe bibi yangu namna bantu banachekaka."

"Haitoki hapa."

"Nitalipa."

"Hata ulipe."

Gaston akamtazama, akaachana nayo. Akasogea karibu na ukuta, mikono nyuma, akainamia picha mpya kwa muda.

"Na hapa je," aliuliza kwa sauti ya chini, "alikuwa anakasirikia nani?"

Manassé alimkabidhi bahasha yake.

"Minyi," alisema. "Minyi peke yangu."