Hodi ya Nakaloke

Tulipohama Jinja kwenda Mbale, bibi alinifungia mzigo wa adabu. Usiingie kwa watu bila kupiga hodi, aliniusia, na uipige kwa sauti, wasikudhanie mwizi. Sisi ni Wanubi. Kiswahili nacho tumekizungumza nyumbani tangu mababu zetu waje huku na jeshi la Waingereza. Kwa wengi huku Kiswahili ni lugha ya askari, lakini baba yangu mwenyewe alitengeneza baiskeli pale mtaani Malukhu. Silaha yake ilikuwa pampu, nayo ilivuja.

Shuleni, msichana niliyepangwa naye dawati alibeba vitabu vyake akaketi sakafuni.

"Mimi hapana kaa na mtoto ya askari."

Darasa zima likacheka. Nililia kwa hasira, nikamwambia mama kule sirudi.

Mwalimu wetu alikuwa na kasoro moja kubwa: hakuchapa. Fimbo ingeuma kidogo, tukaenda kucheza. Yeye alituweka wawili ana kwa ana, akauliza nani ameumia, ameumia wapi, hadi tukaitamani fimbo. Kisha akakata shauri: kila mmoja aende kwao mwenzake, asalimie, ale.

Mwenzangu alitangulia. Mama alimshindilia gurusa, zile chapati zetu za maji, mpaka akasahau kuninunia.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alitupeleka Nakaloke, kwao mwenzangu. Mwenzangu alikuwa akiburuta miguu nyuma, kwa hiyo nilifika wa kwanza mlangoni. Nikamkumbuka bibi, nikavuta pumzi.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Ndani kitu kikaanguka. Mama yake mwenzangu akatokea. Aliniangalia, kisha akaangalia nyuma yangu, akitafuta wengine.

"Askari walikuja chukua babu," mwenzangu akaniambia polepole. "Walisema hodi hivyo hivyo. Mama alikuwa mtoto."

Niliona aibu na huruma kwa pamoja, nikageuka niondoke.

"Ngoja, mtoto," mama yule akasema kwa lugha yao, mwenzangu akinitafsiria. "Rudi mpaka kule njiani. Halafu kuja, sema tena."

Akafunga mlango. Nilidhani ananifukuza kwa heshima. Hata hivyo nilirudi njiani, nikaja tena, nikapiga hodi kwa sauti ndogo ambayo bibi asingeikubali kamwe.

Mlango ukafunguka.

"Karibu," akasema, kwa Kiswahili.